Little Nemo katika Nchi ya Usingizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila watu wanapokutana na Little Nemo kwa mara ya kwanza. Machache yanatoka kwa wale waliokwisha kumsoma wakabaki na dukuduku. Tunaanza na ya msingi. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Little Nemo ni nani?

Ni mtoto mdogo wa kiume anayelala kwao mjini na kujikuta safarini kuelekea Nchi ya Usingizi, ufalme wa Mfalme Morpheus. Binti wa mfalme anatafuta mtoto wa kucheza naye, na katika watoto wote wa dunia amemtaka Nemo. Mfalme anatuma wajumbe wamlete. Safari inaingia dosari, mtoto anaamka, na Jumapili inayofuata kazi inaanza upya.

Hadithi hii ya picha, kwa jina kamili *Little Nemo in Slumberland*, ilichorwa na Mmarekani Winsor McCay. Ilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 15 Oktoba 1905 katika gazeti la New York Herald. Ilijaza ukurasa mzima wa toleo la Jumapili, kwa rangi, kwenye karatasi yenye ukubwa wa karibu sentimita 53 kwa 40. Ukiuweka ukurasa huo sakafuni, mtoto anaweza kulala kifudifudi juu yake akausoma. Kumbuka ukubwa huo, maana majibu mengi hapa chini yanautegemea.

2. Ilichapishwa kuanzia lini hadi lini?

Kuna vipindi vitatu. Cha kwanza, ndicho kilichomjengea jina, ni cha New York Herald kuanzia Oktoba 1905 hadi Julai 1911. Cha pili kilikuwa katika magazeti ya William Randolph Hearst, kuanzia Septemba 1911 hadi 1914, kwa jina jipya la *In the Land of Wonderful Dreams*. Jina lilibadilika kwa sababu lile la zamani lilibaki mikononi mwa Herald. McCay aliondoka na wahusika wake, lakini kichwa cha hadithi alikiacha.

Cha tatu ni cha 1924 hadi mwisho wa 1926. McCay alirudi kwenye gazeti lake la zamani, ambalo sasa lilikuwa limeungana na jingine na kuitwa Herald Tribune. Mara hii wasomaji hawakuvutiwa, na gazeti likamwachia haki zote za Nemo kwa dola moja. Kama una muda mdogo, soma kipindi cha kwanza. Miaka ya 1906 hadi 1908 ndiyo kilele.

3. Winsor McCay alikuwa mtu wa namna gani?

Nyaraka za kuzaliwa kwake zinapingana: mwaka unatajwa kuanzia 1867 hadi 1871, na mahali ni ama Kanada ama Michigan. Alikulia Spring Lake, Michigan. Wazazi walimpeleka chuo cha biashara huko Ypsilanti, lakini yeye alikuwa akichomoka kwenda Detroit kuchora sura za watu kwa senti ishirini na tano katika jumba la maajabu. Ypsilanti hiyohiyo ndiko alikompata mwalimu John Goodeson, aliyemfundisha kanuni za kuchora umbali kwa vipimo vya jiometri. Tazama ukumbi wowote wa kasri la Morpheus, jinsi nguzo zinavyopungua kimo safu kwa safu hadi kupotea mbali, utamwona Goodeson pale.

Mwaka 1889 alikwenda Chicago, kisha 1891 akahamia Cincinnati, akawa mchoraji wa mabango ya jumba jingine la maajabu. Katika majumba hayo mtu alilipa sarafu ndogo akaona majitu, vibeti, wanyama wa ajabu, na vioo vinavyomvuta mtu mrefu kama mnazi. McCay aliishi miaka mingi katikati ya vitu hivyo, akivichora kwa haraka mbele ya watu. Mwaka 1903 aliitwa New York kufanya kazi kwenye magazeti ya James Gordon Bennett mdogo, mwenye New York Herald, akaweka makazi Sheepshead Bay, Brooklyn, karibu na viwanja vya burudani vya Coney Island vyenye minara na taa za umeme maelfu. Alifariki tarehe 26 Julai 1934.

Mwanawe Robert, aliyezaliwa 1896, ndiye aliyekuwa kielelezo cha sura ya Nemo.

4. Ana uhusiano na yule samaki wa filamu, au na Kapteni Nemo wa nyambizi?

Hapana. Nemo ni neno la Kilatini lenye maana ya "hakuna mtu", na waandishi wengi wamelitumia kwa nyakati tofauti. Wa McCay ni huyu wa kitandani.

## Hadithi na wahusika

5. Mbona kila ukurasa unaishia kitandani? Haichoshi?

Kila picha ya ukurasa iliyozungushiwa mistari huitwa kisanduku. Kisanduku cha mwisho, kidogo, kwenye kona ya chini kulia, humwonyesha Nemo ameamka: ameanguka sakafuni, amejiviringisha kwenye shuka, analia, na mama au baba anamwambia arudi kulala. Ni desturi ya miaka yote ile. Anayesoma kurasa ishirini kwa mpigo anaweza kuchoka kweli. Lakini msomaji wa 1906 alipata ukurasa mmoja kwa juma, na alijua kuwa visanduku vyote vya juu vinakimbilia kona ile. Mashaka hayakuwa kama mtoto ataamka. Alichongojea ni kuona leo kitamwamsha nini.

McCay alikuwa amelijaribu umbo hili kwanza kwa watu wazima. Mwaka 1904 alianza *Dream of the Rarebit Fiend*, iliyotoka katika gazeti la jioni la Evening Telegram kwa jina la bandia Silas. Humo mtu mzima hula mkate uliomwagiwa jibini la kuyeyushwa, akaota jinamizi, kisha akaamka akijuta tumbo lake. Hofu za kule ni za watu wazima: kuzikwa hai, kuaibika hadharani, mkoba unaogeuka mamba. Kwa Nemo alichukua umbo lilelile akalijaza mshangao wa mtoto.

6. Nemo anafika kwa binti mfalme au hafiki?

Anafika, ila kwa miezi mingi. Katika ukurasa wa kwanza mjumbe anayeitwa Oomp anamletea farasi mdogo, Somnus, pamoja na onyo asishindane mbio na mtu. Nemo anatoka, anakutana na wanyama wa kila rangi nao wamepanda wanyama wenzao angani katikati ya nyota, na bila shaka anashindana. Farasi anajikwaa kwenye nyota, mtoto anaporomoka gizani.

Juma la pili, tarehe 22 Oktoba 1905, anaingizwa kwenye msitu wa uyoga mkubwa kama minazi na kuambiwa asiguse mashina. Anagusa. Hivyo ndivyo inavyokwenda hadi katikati ya 1906, anapokaa hatimaye karibu na binti mfalme. Baada ya hapo hadithi inabadilika: kufika kumekwisha, sasa ni matembezi ya wenzi, kasri kwa kasri na nchi kwa nchi, hadi sayari ya Mars mwaka 1910. Huko Mars tajiri mmoja anamiliki kila kitu, na watu wananunua hewa ya kuvuta na maneno ya kusema. Sehemu hiyo ya Mars haitajwi vya kutosha. Ni kali kuliko katuni nyingi za siasa za wakati wake.

7. Yule mwenye uso wa kijani ni nani? Adui au rafiki?

Huyo ni Flip. Ana sigara kubwa mdomoni na kofia iliyoandikwa amri ya kuamka. Mjomba wake ndiye mlinzi wa alfajiri, na Flip hutumia udugu huo vibaya: akikasirika anamwita mjomba, jua linachomoza, na Nchi ya Usingizi yote inayeyuka na wageni wake. Alianza kama adui hasa. Mfalme alimfukuza, walinzi walimkamata, naye kila mara alirudi.

Kisha wasomaji wakampenda, na nadhani McCay mwenyewe pia. Flip akawa mwenzi wa Nemo, mvunja vyombo, mlafi, mwongo, lakini mtu wa kutegemewa ukipotea. Nemo ni mtoto mtiifu na mwenye adabu. Bila Flip hadithi ingekufa kwa adabu.

8. Na yule mhusika Mwafrika, Impie? Tumchukulieje?

Swali hili ndilo wasomaji wa kwetu wanaliuliza mapema kuliko yote, na wana haki. Impie anaingia mwaka 1907. Amechorwa mweusi tii, midomo imevimbishwa, amevaa sketi ya majani na pete shingoni na miguuni, na anachosema ni mlio usio na maana. Wenzake wanamfanya kitu cha kuokotwa na kufugwa. Ni picha ya dharau, wala haikumponyoka McCay kwa bahati mbaya. Mwaka 1903, huko Cincinnati, alikuwa amechora mfululizo mzima, *Tales of the Jungle Imps*, kuhusu jinsi wanyama walivyopata maumbo yao, na ndani yake vitoto vya porini vya sura hiyohiyo vinawasumbua wanyama hadi wabadilike.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za sungura na fisi tunajua kisa cha namna hiyo kinavyosimuliwa na mwenyewe: mnyama ana akili, ana jina, ana mji. Katika mikono ya gazeti la Cincinnati kisa kimekatwa mzizi, na wenyeji wa porini wamebaki kuwa viumbe vya kuchekwa. Yalikuwa ni mazoea ya magazeti yote ya Marekani ya enzi zile, majukwaa na mabango pia. Hilo linaeleza chanzo. Halimfuti Impie kwenye ukurasa.

Kwa maoni yangu, kumwondoa Impie kwenye matoleo ya leo ni kosa, maana tutampa McCay usafi asiokuwa nao. Kumpitia kimya ni kosa vilevile. Atazamwe, asemwe alivyo, na anayesoma na watoto aandae maneno kabla ya kufungua kurasa za 1907 na kuendelea (tazama pia swali la 19).

9. Mbona wanamwita shujaa? Mtoto huyu analia tu.

Mwanzoni analia kweli, na anamwita mama. Hana upanga wala nguvu. Yanayomkuta ni makubwa kuliko yeye, naye anajitahidi kufuata maagizo.

Lakini soma kurasa za Shanty Town za mwaka 1908. Nemo amepewa kifimbo cha ajabu na anaingia kwenye mtaa wa mabanda, watu maskini, watoto wagonjwa. Anakigusisha, na banda linageuka bustani, matambara yanakuwa nguo nzuri, mtoto aliyekuwa amelala hoi anainuka. Ukurasa baada ya ukurasa anapita nyumba hadi nyumba. Ni ndoto, na asubuhi mtaa ule utakuwa palepale ulipokuwa. Hata hivyo hapo ndipo Nemo anaacha kuwa abiria wa ndoto zake. Kama ningeruhusiwa kumwonyesha mtu sehemu moja tu ya hadithi yenyewe, ukiacha ustadi wa kuchora, ningechagua hii.

## Ukurasa wenyewe

10. Kwa nini visanduku havilingani?

Kwa sababu ukubwa wa kisanduku ni sehemu ya tukio. Hili ndilo jambo kubwa la McCay, na ndilo ninalotaka kila msomaji mpya aondoke nalo.

Chukua ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908, ule wa kitanda kinachotembea, maarufu kuliko zote. Juu, visanduku ni vifupi: Nemo yuko kitandani, chumba cha kawaida, mwezi dirishani. Kitanda kinatikisika. Miguu yake inaanza kurefuka. Kinatoka nje, kinashika barabara, na kadiri miguu inavyorefuka ndivyo visanduku navyo vinavyorefuka kwenda chini, hadi kitanda kinapita juu ya mapaa ya mji kwa miguu myembamba kama ya twiga, na Nemo kule juu ameng'ang'ania shuka. Mguu mmoja unakwaa mnara. Kitanda kinapinduka. Kisanduku cha mwisho ni kidogo tena, na mtoto yuko sakafuni. Huhitaji kusoma neno hata moja. Jicho lako limepanda na kuanguka pamoja naye, kwa sababu karatasi yenyewe imepanda na kuanguka.

Msitu wa uyoga (swali la 6) unafanya hivyohivyo: mashina yanakua na visanduku vinakua. Katika ukurasa wa Sikukuu ya Shukrani, tarehe 26 Novemba 1905, bata mzinga mkubwa anaivamia nyumba ya akina Nemo na kuing'oa, na tukio limewekwa ndani ya duara kubwa katikati ya ukurasa, visanduku vya kawaida vikilizunguka. Kisha Nemo anaangukia ziwa la mchuzi mwekundu wa matunda, ule ambao Wamarekani huula pamoja na nyama ya bata mzinga siku hiyo.

Wachoraji wengine wa wakati ule waligawa ukurasa kwa mistari sawa, safu kwa safu, wakamwaga matukio ndani. McCay aliuchora ukurasa wote kama picha moja kwanza. Ushauri wa vitendo: kabla ya kusoma kisanduku cha kwanza, tazama ukurasa mzima kwa muda. Kisha anza.

11. Rangi zile zilipatikanaje mwaka 1905?

McCay alichora kwa wino mweusi na kuwaelekeza wachapaji rangi za kila sehemu. Mafundi wa Herald walitengeneza bamba la kila rangi, na rangi za kati zilipatikana kwa nukta ndogo ndogo, mbinu iitwayo Ben Day. Mitambo ya gazeti lile ilikuwa miongoni mwa bora za zama zake.

Angalia jinsi alivyozitumia rangi. Anga la usiku linaweza kuanza zambarau kisanduku cha kwanza, likawa kijani, likawa njano hafifu alfajiri inapokaribia, ingawa tukio ni moja. Msomaji anajua muda umepita bila kuambiwa.

12. Mbona maandishi ni mabaya, yamebanwa kwenye viputo?

Ni kweli, na hakuna haja ya kumtetea. Viputo vya maneno vinaonekana kama vilikumbukwa mwishoni, herufi zimesongamana, na wahusika wanasema mambo ambayo picha imeshayasema. Kurasa za miezi ya mwanzo zina hata maelezo marefu chini ya kila kisanduku. Baadaye yaliachwa, na afadhali.

Kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani hii ni nafuu. Picha hubeba karibu kila kitu, na McCay aliweka namba kwenye visanduku, kwa hiyo hupotei njia hata pale mpangilio unapokuwa wa ajabu.

13. Ni kweli wahusika waliwahi kula herufi za jina la hadithi?

Kweli, mwaka 1907. Wamepotea, wana njaa, hakuna chakula. Wanaivuta mistari ya kisanduku chao wenyewe, wanaziangusha herufi za kichwa cha habari kilicho juu yao, wanazitafuna. Kabla ya hapo, tarehe 24 Septemba 1905, katika hadithi yake nyingine iitwayo *Little Sammy Sneeze*, mtoto mwenye chafya kali alipiga chafya hadi mpaka wa kisanduku ukapasuka vipandevipande kumzunguka. Wahusika wanaojua kuwa wanaishi kwenye karatasi si uvumbuzi wa juzi.

14. McCay alimsoma Freud?

Kitabu cha Sigmund Freud cha kufasiri ndoto kilitoka kwa Kijerumani mwishoni mwa 1899, na tafsiri ya Kiingereza ikaja 1913. Wakati huo Nemo alikuwa na miaka minane gazetini. Chanzo cha McCay ni kingine: katika hadithi zake, ndoto mbaya huletwa na tumbo lililojaa kupita kiasi au kitanda kilichokaa vibaya. Wazazi wa Nemo wanamkumbusha hivyo karibu kila juma.

## Jukwaani na kwenye sinema

15. McCay ndiye aliyevumbua filamu za katuni?

Hapana. J. Stuart Blackton alitengeneza filamu ya michoro mwaka 1906 huko Marekani, na Mfaransa Émile Cohl akafuata na yake mwaka 1908. Alichofanya McCay ni kuipa michoro uzito, mwendo na tabia.

Filamu yake ya kwanza, ya Little Nemo, ilitolewa Aprili 1911 na kampuni ya Vitagraph, Blackton huyohuyo akishiriki. Mwanzoni tunamwona McCay akiwaahidi marafiki kuwa ataifanya michoro 4,000 itembee, nao wanacheka. Mapipa ya wino na marundo ya karatasi yanaletwa. Kisha michoro inaanza: Flip na Impie wanarukaruka, Nemo anavutwa na kubonyezwa kama yuko kwenye kioo cha jumba la maajabu. Halafu Nemo mwenyewe anachukua kalamu na kumchora binti mfalme, mstari kwa mstari, hadi anakuwa hai. Ua la waridi linaota, analichuma, anampa. Joka linakuja, wawili wanaketi kwenye kiti kilicho ndani ya kinywa chake na kuondoka. Michoro yote aliichora kwa mkono kwenye karatasi nyembamba ya mchele, na nakala moja ikapakwa rangi fremu kwa fremu. Mwaka 2009 filamu hii iliingizwa katika hazina ya taifa ya filamu ya Marekani.

Baadaye zilifuata ya mbu mwaka 1912, ya dinosaria Gertie mwaka 1914, na ya kuzama kwa meli ya Lusitania mwaka 1918. Gertie alionyeshwa jukwaani, McCay akiwa amesimama kando ya pazia akimwamrisha ainue mguu, na mnyama akitii au akikataa. Kazi ya jukwaani hakuanzia hapo: tangu Juni 1906 alikuwa akichora kwa kasi mbele ya watazamaji, sura za binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, picha 25 kwa dakika 15.

16. Kwa nini aliacha kuchora Nemo akiwa bado hodari?

Kwa sababu ya mwajiri. Hearst alimlipa vizuri, lakini alitaka katuni za uhariri kuliko ndoto, akamweka chini ya mhariri Arthur Brisbane. Hadithi ya Nemo ikasimamishwa 1914, na safari za jukwaani zikabanwa. Mtu aliyeweza kukitembeza kitanda juu ya mji akatumia miaka mingi kuchora mawazo ya Brisbane kuhusu uvivu, vita na maadili. Michoro hiyo ni ya fundi mkubwa. Inaniuma kila ninapoitazama.

17. Kuna filamu, michezo au tamthilia nyingine za Nemo?

Zipo. Mwaka 1908 tamthilia kubwa ya muziki ilifunguliwa New York katika ukumbi wa New Amsterdam, muziki ukiwa wa Victor Herbert. Filamu ya katuni ya Kijapani ilitoka 1989, na Capcom ikatengeneza mchezo wa video uliofuata. Mwaka 2022 Netflix ilitoa filamu ambamo Nemo ni msichana na Flip anaigizwa na Jason Momoa. Ukiipenda hiyo, usishangae kukuta kurasa za 1905 ni kitu tofauti kabisa.

## Kuisoma leo

18. Nianzie wapi, na simu inatosha?

Anza na ukurasa wa kwanza wa tarehe 15 Oktoba 1905, kisha uyoga wa juma linalofuata, halafu ruka hadi kitanda kinachotembea. Ukivutiwa, rudi Oktoba 1905 na uende kwa mfululizo.

Simu haitoshi. Utaona ama ukurasa mzima usiosomeka ama kisanduku kimoja kilichotengwa na jirani zake, na umeshajua kutoka swali la 10 kwa nini hiyo ni hasara. Tafuta kompyuta na nakala kubwa. Kuna pia vitabu: mwaka 2005 Peter Maresca alichapisha kurasa teule kwa ukubwa uleule wa gazeti, na mwaka 2014 Taschen ikatoa mkusanyiko kamili. Ni ghali, kwa hiyo jaribu kwanza maktaba ya chuo au ya kituo cha utamaduni.

Kama unajiuliza kurasa halisi zilinusurikaje: nyingi zilipotea au kuharibika. Mwaka 1966 mkusanyaji Woody Gelman aligundua michoro mingi ya asili katika studio ya katuni alikowahi kufanya kazi Robert, mwana wa McCay. Mwaka huohuo baadhi ilionyeshwa katika jumba la Metropolitan Museum of Art, New York, na toka hapo jina la McCay likafufuka.

19. Inafaa kwa watoto wadogo?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na watoto huelewa mchezo wa visanduku upesi kuliko watu wazima. Angalizo ni mawili. La kwanza ni Impie (swali la 8), na wahusika wengine wa mataifa ya mbali waliochorwa kwa dhihaka ya namna hiyo. La pili ni kwamba kuna kurasa za kutisha kweli: kuzama, kuporomoka kutoka juu, kugeuzwa mzee ghafla. Mtoto mwenye shida ya kulala asisomewe usiku.

20. Naweza kutumia picha zake kwenye fulana, bango au kitabu changu?

Kurasa zote za McCay, tangu 1905 hadi 1926, sasa ziko huru nchini Marekani kwa sababu ya umri wa kurasa hizo. Kenya na Tanzania kazi ya sanaa hulindwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na Ulaya miaka 70. McCay alifariki 1934, kwa hiyo muda huo umepita pote.

Angalia mambo matatu kabla ya kuchapa. Mkusanyiko wa kisasa unaweza kuwa na utangulizi, maelezo na usanifu wenye hakimiliki mpya, kwa hiyo chukua picha kutoka kwenye skani ya gazeti la zamani lenyewe. Filamu za 1989 na 2022 bado zinalindwa, pamoja na chochote zilichobuni zenyewe: binti mfalme wa McCay, kwa mfano, anaitwa tu Binti Mfalme, na jina Camille ni la filamu ya 1989. Na ikiwa bidhaa yako itaonyesha ukurasa wenye Impie, mnunuzi wa Mombasa au Dodoma atakuuliza swali la 8 papo hapo dukani.